Radi, Mdalasini na Mtu wa Lori

Jumapili, 6 Februari

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje, na cherehani je, bado inakula uzi? Mimi ni mzima, tena zaidi ya mzima: nimeolewa! Najua unajua. Ulikuwepo, ulilia kuliko watu wote na baadaye ukasema ni vumbi. Lakini kila nikiamka naiona kama habari mpya, na lazima nimwambie mtu, na mtu mwenyewe ni wewe uliyenilea.

Chumba chetu ni kimoja na kimeegemea ukuta wa mazizi. Kinakuja na kazi, kwa sababu mtunza farasi mkuu hulala karibu na farasi wake. Tuna kitanda, tuna meza ambayo mguu wake mfupi tumeutilia kiatu cha chuma cha farasi, na dirisha dogo lililo juu sana, ukitaka kuchungulia unapanda kitandani. Nikilaza sikio ukutani nasikia farasi anajikuna upande wa pili. Shangazi, fikiria! Sisi tuliosoma vitabu vya yule farasi Radi mpaka kurasa zikawa laini kama kitambaa, na hatukuwahi kugusa farasi hata wa kupita, mimi nikaenda kuolewa na mtunza farasi. Ningeandika hivyo kwenye insha ya sekondari, mwalimu angesema nimezidisha chumvi.

Mume wangu ana mikono mikubwa na sauti ndogo. Wenzake wanamwita Taratibu. Akiingia zizini anapiga hodi kwanza, na farasi wote wanasimamisha masikio. Akiingia chumbani anapiga hodi vilevile, na mimi nasimamisha masikio. Usicheke.

Kuna farasi jike mzee anaitwa Mdalasini, na rangi yake ni hiyohiyo. Watoto wa mji huu wamejifunza kupanda farasi mgongoni kwake tangu mume wangu hajaajiriwa hapa. Sasa goti lake la mbele limechoka na hapewi tena mwanafunzi. Mwenye mazizi ni mama mmoja mkali ambaye watunzaji wanamwita Jenerali, lakini si mbele yake. Sheria yake ni kwamba zizini haingii mtu asiye na kazi humo. Mume wangu amenipenyeza kidogo: jioni, mafunzo yakiisha, naruhusiwa kusimama mlangoni kwa Mdalasini na kumsugua pua. Pua yake, Shangazi! Vitabu vyetu vinasema ni laini kama hariri. Si kweli. Ni laini kama uyoga.

Sasa ombi. Nitumie kitabu kimoja, nimsomee mume wangu. Hajawahi kusikia habari za Radi. Nilipomwambia, alidhani ni jirani yetu.

Wako mwenye furaha isiyo na adabu,
Mwanao

*

Jumatatu, 14 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo ukiulizwa unauma, usipoulizwa unakaa kimya, kwa hiyo tusiuulize. Cherehani imepona baada ya kubadilishwa mkanda. Nina sare za shule mbili za kumaliza na vifungo vimeniishia, mengine salama. Nimefurahi kwamba una furaha, ingawa uliyoyaandika kuhusu masikio ungeweza kubaki nayo mwenyewe.

Sheria yetu ni ileile: kinatoka kimoja, kinarudi kimoja. Mikono inanawiwa. Ukurasa haukunjwi pembe, na kitabu hakilazwi kifudifudi kama mlevi. Nakutumia "Radi Afichwa", nakala ya pili. Mumeo akiuliza kwa nini nyumba moja ina nakala tatu za kitabu kimoja, mwambie ya kwanza ndiyo tuliyoisoma, ya pili ina jalada zima, na ya tatu ina ile picha ya rangi yenye kinu cha kusagia nafaka, ambayo kwenye hizo nyingine ilichanwa na watoto wa watu. Asipoelewa mwache, ana sifa nyingine.

Wiki hii nimepata kipya, yaani cha zamani. Nilikwenda kwa yule muuza karatasi kuukuu kutafuta karatasi za kukatia vielelezo vya kola, nikaona pembe ya buluu ndani ya tita la magazeti. Buluu ile naijua hata nikiwa nimefumba macho. "Radi na Daraja Lililovunjika"! Tumekitafuta tangu ulipokuwa unang'oka meno. Bwana mwenyewe alikuwa akichana kurasa za magazeti kufungia misumari, na daraja letu lilikuwa lifuate. Nilimshika mkono kama polisi. Kinanuka mafuta ya taa na ndani kina mhuri wa zambarau wa maktaba ya shule fulani, lakini kurasa zote zipo. Nimekisoma mara moja kwa pupa, na sasa nakisoma mara ya pili kwa adabu.

Msalimie mkwe wangu. Mwambie Radi si jirani.

Shangazi yako

*

Jumatano, 2 Machi

Shangazi mpenzi,

Shikamoo, na asante, na hongera kwa Daraja! Niliposoma kwamba umelipata niliruka mpaka Mdalasini akapiga ukuta kwa kwato. Sisi wote wazima. Mume wangu ameunguza kidole kidogo kwenye jiko, nimekifunga, sasa anakinyanyua kila akitaka kuhurumiwa.

Tunasoma kila baada ya chakula cha jioni. Mimi nasoma, yeye anapaka hatamu mafuta. Shangazi, hakuna raha kama hii duniani, ila msikilizaji wangu ana maneno! Pale Radi anapokunywa ndoo nzima ya maziwa: "Huyo kesho ataumwa tumbo." Pale Radi anapodondosha machozi kwa huruma: "Huyo ana inzi machoni. Apanguswe." Pale binti wa msaga nafaka anapokimbia kumkumbatia Radi kwa nyuma, mume wangu aliacha hatamu na kushika kichwa: "Mungu wangu, mtoto atapigwa teke!" Nikamwambia hapigwi teke, wanapendana. Akasema, "Hata sisi tunapendana, lakini usinijie kwa nyuma nikiwa nakula." Nilicheka mpaka taa ikatikisika. Ila kufika ile sura ya kufichwa kwenye kinu alikuwa ameshalala na kopo la mafuta mapajani, kwa hiyo nikaisoma peke yangu.

Sasa nina jambo, na sicheki tena.

Jana alikuja mtu na lori lenye kuta ndefu. Ana kofia pana. Alishuka, akamfunua Mdalasini meno, akambonyeza goti, na hakusema neno lolote. Jenerali akaitikia kwa kichwa, naye akaitikia kwa kichwa, akaondoka. Nilimuuliza mume wangu. Akasema, "Mdalasini anachukuliwa Alhamisi, tarehe kumi na saba. Usijali, anakwenda mahali pazuri."

Mahali pazuri! Shangazi, ni maneno yaleyale! Msaga nafaka alimwambia binti yake hivyohivyo, kwenye ukurasa ule wenye doa la chai, yule mtu mwenye kofia alipokuja na lori kumchukua Radi, na sote tunajua lile lori lilikuwa linakwenda wapi. Sikuuliza tena. Mume wangu hana ubaya hata wa kucha, na nadhani ananificha ili nisilie. Tena siku hiyo hatakuwepo, atakuwa amesafiri na farasi wa mashindano mpaka Jumamosi.

Nimekwenda kumsugua pua Mdalasini. Alikuwa anatafuna, hana habari. Nifanye nini?

Mwanao

*

Jumatano, 9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima. Barua yako nimeisoma nimesimama, na pasi ikaunguza kola ya mtu.

Sijalipenda hilo neno. Katika vitabu vyote nilivyo navyo, na wewe unajua si vichache, farasi anayeambiwa anakwenda mahali pazuri hajawahi kufika pazuri. Kofia yenyewe ina ukingo mpana kweli, au wa kawaida tu? Na kwa nini mtu anunue farasi mwenye goti bovu? Mimi nikinunua kitambaa chenye doa, najua nitakikata.

Sina la kukushauri, mimi ni fundi wa sare. Lakini ningekuwa na miguu yako, na Mdalasini yuko upande wa pili wa ukuta, sidhani kama usingizi ungenijia.

Shangazi yako

*

Jumatatu, 21 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Mimi mwili mzima.

Nilimficha. Alhamisi alfajiri nilichukua ufunguo ambao mume wangu aliuacha msumarini kwa ajili ya mlishaji wa zamu, nikamvika Mdalasini kamba ya kichwani, nikamtoa. Alinifuata kama mtu anayekwenda sokoni. Nyuma ya mazizi, ng'ambo ya uwanja wa mpira, kuna banda la matofali lililoachwa. Tukaingia humo. Nilimwomba anyamaze, akanyamaza, akala mpini wa kikapu changu. Nikakumbuka kwamba kule kinuni binti wa msaga nafaka alimwimbia Radi ili asiogope. Mimi sauti yangu unaijua, kwa hiyo nikaona bora nimsomee. Nilifungua "Radi Afichwa" na nikaanza.

Walitukuta tumefika sura ya saba.

Jenerali alisimama mlangoni, na nyuma yake yule mwenye kofia. Nilisimama mbele ya Mdalasini, nikatandaza mikono, nikasema kwa sauti niliyodhani ni ya ushujaa: "Hamtamchinja!"

Yule mwenye kofia aligeuka kuangalia nyuma yake, aone naongea na nani.

"Amchinje nani?" akasema Jenerali. "Huyu bwana ana dume changa shambani, linaogopa hata kivuli chake. Linahitaji farasi mtu mzima wa kukaa nalo litulie. Mwaka mzima nimemtafutia Mdalasini pa kupumzikia."

"Mahali pazuri?" nikauliza.

"Majani yanafika magotini," akasema, "na wewe una kichaa."

Nilipomtoa nje alikuwa anachechemea. Alikanyaga kipande cha tofali na kimemchoma ukwatoni. Mwenye kofia aliuinua ule mguu, akautazama, akauweka chini polepole kama mtu anayeweka yai, akapanda lori lake tupu. Bado hakusema neno. Jenerali ndiye aliyesema. Mume wangu aliporudi Jumamosi alimwambia: "Ufunguo ulikuwa wako na mke ni wako. Nakupa mpaka mwisho wa Aprili. Ukwato usipopona na yule bwana asipokubali kurudi, nitatafuta mtunza farasi mwingine." Na chumba, Shangazi, ni cha mtunza farasi. Hatuna pengine pa kwenda, na mazizi mengine hayatamchukua mtu aliyeachishwa kazi kwa kupoteza farasi.

Hakufoka. Angefoka ningejua la kufanya. Alisema tu, "Ungeniuliza mara ya pili." Kisha akaenda kuuloweka ule ukwato kwenye maji ya chumvi. Anashinda huko, na jioni yuko huko. Akirudi anapiga hodi, lakini anaupigia mlango, hanipigii mimi.

Kitabu ninacho. Nakala yenye jalada zima haina tena jalada zima. Mdalasini aliona mpini wa kikapu haumtoshi.

Nisamehe.

Mwanao

*

Jumanne, 29 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, na leo sitanii.

Barua yangu ya tarehe tisa ilikuwa ya kijinga, na niliiandika nikiwa mtu mzima, mchana, na miwani machoni. Nilikuwa na nafasi ya kukwambia muulize mumeo vizuri, nikakuuliza upana wa kofia. Kwa hiyo lawama tugawane, na nusu yangu isiwe ndogo.

Juzi niliweka sare kando, nikatoa "Radi Afichwa", ile nakala ya kwanza. Nikaisoma kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Halafu nikatoa ya tatu nikaisoma pia, isije ikawa moja imekosa ukurasa. Mwanangu, yule mtu wa lori hasemi. Kitabu kizima hana hata neno moja. Anashuka, anasimama, anatupiwa mawe na binti, anapanda lori, anaondoka. Machinjio hayakutajwa popote. Nilitafuta kwa kidole, mstari kwa mstari. Baba anasema mahali pazuri, binti anasema muongo, na sisi tukamwamini binti kwa sababu ndiye aliyechorwa macho makubwa. Miaka yote ile, mimi nasoma na wewe umelalia tumbo langu, hakuna kati yetu aliyeuliza: Bwana, unampeleka wapi?

Huenda alikuwa na nyasi. Huenda alikuwa na dume changa lililokuwa likimsubiri Radi. Nilikaa na kitabu mapajani nikaona haya mbele ya mtu wa kuchorwa.

Sasa yule wa kuchorwa hatuwezi kumfanyia chochote, lakini wako yupo na ana shamba. Usikae chumbani kulia. Ukwato ukianza kufunga, mshike mkwe wangu mkono mwende. Usipeleke maelezo marefu, wewe ukianza kueleza mtu anazeeka. Muulize yale ambayo ungetaka kujua kuhusu mahali Mdalasini anapokwenda, kisha nyamaza usikilize. Wanasema kuuliza si ujinga, na ujinga wenyewe sisi tumeshaumaliza wote.

Kitabu usikitume kwanza. Kama bwana huyo anataka kujua kwa nini aliitwa mchinjaji, ana haki ya kuonyeshwa.

Shangazi yako

*

Jumapili, 8 Mei

Shangazi yangu mpenzi mpenzi mpenzi,

Shikamoo! Hujambo, mgongo (sijauliza), cherehani? Nisamehe ukimya. Aprili yote nilikuwa naloweka ukwato. Ndiyo, mimi! Wiki ya pili mume wangu alinipa ndoo, nikaipokea, na tukawa tunainama pamoja. Vitabu vyetu havisemi harufu ya ukwato wenye usaha ikoje. Nami sitasema, ninakupenda.

Ukwato ulipoanza kufunga tulikwenda shambani kwa mtu wa lori. Tulipanda basi, kisha tukafuata uzio kwa miguu. Pale uzioni tulimkuta mzee mwenye upara anazungumza na farasi mweusi anayetetemeka. Nilimpita, Shangazi! Bila kofia sikumjua. Mume wangu ndiye aliyenivuta nguo.

Na anaongea! Anaongea kama redio! Siku zile mbili alikuwa kimya kwa sababu jino lilikuwa linamuua, na ya pili alitoka moja kwa moja kwangu mimi kwenda kuling'oa. "Nimebeba farasi tangu ujana wangu," akasema, "nimeitwa mchelewaji, nimeitwa bahili, lakini mchinjaji ni wewe wa kwanza. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Nilisema, hapo sirudi." Nilitaka kueleza. Nikauma ulimi. Nikamuuliza Mdalasini angelala wapi, angekula nini, na nani angekuwa anamtazama goti.

Hakujibu kwa maneno, yeye mwenye maneno yote yale. Alitupeleka bandani. Hori la chakula lilikuwa limeinuliwa juu ya matofali, ili farasi mwenye goti baya asiiname. "Nililiinua kabla ya ile Alhamisi," akasema. Mume wangu akaligusa. "Mbona hukulishusha?" akauliza. Mzee akajikuna upara, akasema kazi zilikuwa nyingi.

Ndipo nikatoa kitabu. Aliitazama muda mrefu picha ya yule mtu na lori lake na kofia. "Kofia yangu nzuri zaidi," akasema. Akafungua nyuma kuangalia mwisho, akauliza, "Na huyu naye alirudi na lori tupu?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Maskini," akanirudishia. Kisha akamwambia mume wangu atakuja ukwato ukishafunga kabisa.

Jenerali alikubali kuongeza siku chache, kwa sharti moja: "Aliyemficha ndiye atakayempandisha." Basi Alhamisi iliyopita nilishika kamba mwenyewe, watunzaji wote wamesimama, mume wangu pembeni ya ubao wa kupandia, mikono nyuma. Nilikuwa nimebeba leso. Wewe unajua jinsi vitabu vyetu vyote vinavyoisha: farasi akifika juu anageuza kichwa, analia mara moja, na hiyo ndiyo picha ya mwisho. Nilikuwa tayari. Mdalasini alinusa nyasi kavu zilizokuwa ndani ya lori, akapanda ubao kama mtu anayeingia kwake, akaanza kula. Nilimwita. Nilimwita tena. Hakugeuza hata sikio. Lori liliondoka, na cha mwisho nilichokiona ni makalio yake.

Mume wangu alicheka, Shangazi! Alicheka kwa sauti, yeye mwenye sauti ndogo, akachukua leso yangu akafutia mikono. Jenerali akamwambia, "Kesho kazini kama kawaida." Akanigeukia mimi: "Na wewe, mlangoni tu. Tena bila kitabu." Kwa hiyo kazi ipo na chumba ni chetu. Jioni nilimsomea mume wangu ile sura aliyoilala. Kufika "mahali pazuri" alijifunika uso kwa mto. Akasema, "Nilisema vilevile?" Nikasema vilevile. Akasema siku nyingine atataja na urefu wa majani.

Nina furaha mpaka naona aibu. Ila nikwambie la kweli, wewe tu: iliniuma kwamba hakugeuka. Baada ya pua yote ile niliyoisugua. Ni ujinga?

Kitabu kinakuja na barua hii. Alama za meno ziko pembe ya chini.

Mwanao

*

Jumatano, 18 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Ni mzima, na barua yako nimemsomea mteja aliyekuja kupima suruali, akaondoka bila kupimwa.

Kitabu kimefika. Jalada nimelibandikia kitambaa cha sare kwa ndani, na meno nimeyaacha yaonekane. Hakuna mwenye kukusanya vitabu vya farasi niliyewahi kumsikia akiwa na nakala iliyoonjwa na farasi mwenyewe. Sasa hiyo ndiyo nakala ya kwanza, na ya kwanza imekuwa ya pili.

Umeuliza kama ni ujinga. Siku ile baada ya harusi, kituoni, nilisimama mpaka basi lenu likaingia barabara kuu. Ulikaa dirishani. Mumeo alikuwa anakuonyesha kitu huko mbele, sijui ni nini, na wewe ulikuwa unacheka. Nilikuwa nimeinua mkono. Hukugeuka. Nikaushusha ule mkono nikajifanya nafunga kitambaa cha kichwani, kwa sababu mama mmoja alikuwa ananitazama. Nilirudi nyumbani, nikachukua kitabu cha kwanza kilichokuwa karibu, nikafungua ukurasa wa mwisho. Farasi amegeuka. Nikakirudisha rafuni na kwa siku nyingi sikukigusa.

Sikukwambia, ningekwambiaje? Lakini juzi nimevipitia vyote tena, kurasa za mwisho tu, kimoja baada ya kingine. Farasi wote wale wanaogeuka, nadhani waliowachora walituchorea sisi tunaobaki chini na leso. Walikuwa na huruma, si vibaya. Farasi mwenyewe alikuwa ameona nyasi, na ndicho tulichomtakia.

Msalimie mkwe wangu. Muulize siku ile kwenye basi alikuwa anakuonyesha nini.

Shangazi yako